Saratani ya zoloto inaporudi mwaka wa pili: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mwanamume wa miaka 57, mwalimu wa sekondari, aliyetibiwa saratani ya zoloto, kiungo cha kooni kinachobeba nyuzi za sauti, akaambiwa kwamba vipimo havionyeshi tena ugonjwa, kisha saratani ikarudi mahali palepale katika mwaka wa pili. Si mtu fulani anayejulikana. Kisa kimejengwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wa aina hii, na nimekichagua kwa sababu maandishi mengi kuhusu kurudi kwa saratani humhimiza mgonjwa awe jasiri, ilhali ujasiri mara nyingi anao. Kinachomponyoka ni nafasi ya kuamua mambo yake mwenyewe, akiwa na taarifa kamili na kwa wakati unaofaa. Katika saratani ya zoloto kuna sababu ya ziada ya kuilinda nafasi hiyo: tiba inayobaki yenye matumaini makubwa zaidi ndiyo itakayomwondolea sauti anayoitumia kuuliza maswali.

Tiba ya kwanza

Saratani ya kwanza ilikuwa ya seli bapa, yaani seli za utando unaofunika koo kwa ndani, upande wa kushoto, na ilikuwa imefika hatua ambayo zamani jibu lake lilikuwa moja tu, yaani kuondoa zoloto lote. Tangu miaka ya 1990 jibu hilo si la lazima kwa kila mgonjwa. Utafiti uliofanywa katika hospitali za wanajeshi wastaafu nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya wagonjwa waliweza kubaki na zoloto bila kufupishiwa maisha, na utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mionzi ikitolewa sambamba na sisplatini, dawa ya kuua seli za saratani, wagonjwa 88 kati ya 100 bado walikuwa na zoloto lao baada ya miaka 2. Mwalimu alichagua njia hiyo, na uchaguzi wake ulikuwa na msingi. Alipata mionzi ya greyi 70 (greyi ni kizio cha kipimo cha mionzi) katika vipindi 35 kwa muda wa wiki 7, pamoja na dawa. Ngozi ya shingo ikaungua, mate yakakauka, uzito ukashuka, na wiki 12 baada ya kipindi cha mwisho kipimo cha PET-CT, picha ya mwili inayofanya sehemu zenye saratani zing'ae, hakikuonyesha mabaki ya ugonjwa.

Siku ya majibu hayo aliambiwa mambo mawili, akaondoka na moja. La kwanza lilikuwa kwamba saratani haionekani. La pili lilikuwa kwamba saratani za kichwa na shingo zinazorudi, nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya kwanza, na kwamba ndiyo sababu mahudhurio ya kliniki huwa ya karibu karibu katika kipindi hicho: kila baada ya mwezi 1 hadi 3 katika mwaka wa kwanza, na kila baada ya miezi 2 hadi 6 katika mwaka wa pili. Si haki kumlaumu kwa kutolishika hili la pili. Mtu aliyetoka katika wiki 7 za namna ile akiambiwa habari njema na habari ya tahadhari katika dakika zilezile, atabeba ile njema, na kliniki inayojua hivyo humwita tena baada ya wiki chache kumweleza tahadhari peke yake, tena kwa maandishi.

Maumivu ya sikio

Mwezi wa kumi na tatu baada ya tiba, sikio la kushoto lilianza kumuuma. Alikwenda kwenye zahanati ya kawaida, akachunguzwa sikio likaonekana safi, akapewa dawa ya matone. Maumivu hayakuisha. Kooni na sikioni hupita matawi ya neva zilezile, kwa hiyo uvimbe ulio ndani ya zoloto au koromeo unaweza kuhisiwa sikioni wakati sikio lenyewe ni zima. Kwa mtu aliyewahi kuwa na saratani ya kooni, maumivu ya sikio moja yasiyo na sababu ndani ya sikio ni dalili inayomrudisha kwa daktari wake wa saratani, wala si kwa mwuza dawa.

Mkewe aliona mengine ambayo mgonjwa hakuyataja. Mumewe alianza kugeuza kichwa upande wa kulia kila anapomeza. Darasani aliandika ubaoni zaidi kuliko kuzungumza, na jioni sauti ilikuwa imekwaruza kiasi cha kujibu kwa kutikisa kichwa. Hali hiyo iliendelea karibu miezi 2, na tarehe ya kliniki ilipofika alimwambia daktari kwamba hajambo, mpaka mkewe alipoyasema yote mbele yake. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu: "Nilijua, Daktari. Ndiyo maana sikusema."

Jibu hili linastahili kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu wengi wangelisoma kama uzembe. Hofu ya saratani kurudi huwapeleka watu pande mbili. Wako wanaojipapasa shingo mara nyingi kwa siku na kupiga simu kwa kila kikohozi, na wako wanaofunga mlango ili habari isiingie. Kundi la pili halionekani kuwa na hofu, na kwa hiyo halisaidiwi. Swali la kliniki "unaendeleaje?" linamruhusu mtu wa namna hii kujificha. Maswali yanayomfikia ni yale ya moja kwa moja: sikio linauma? Upande gani? Unameza vigumu kuliko mwezi uliopita? Kuna uvimbe mpya shingoni, kidonda cha kinywani kisichopona, damu kwenye makohozi? Dalili yoyote kati ya hizo ikidumu zaidi ya wiki 2 au 3, mgonjwa hapaswi kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake, na aambiwe hivyo waziwazi kwamba kuja mapema si usumbufu.

Majibu yaliyokuja nusu

Kamera nyembamba iliyopitishwa puani ilionyesha uvimbe upande wa kushoto na uzi wa sauti usiosogea. Hapo familia ilitarajia kuambiwa ndiyo au hapana, lakini haikuwezekana. Koo lililopigwa mionzi huvimba, hukakamaa, na wakati mwingine gegedu zake, yaani mifupa laini inayolishikilia, hufa taratibu kwa kukosa damu ya kutosha. Hali hiyo huleta maumivu, mkwaruzo na uvimbe vilevile kama saratani, na katika PET-CT huweza kung'aa kama saratani inavyong'aa. Kinyama cha kwanza kilichokatwa kwa ajili ya kupimwa kilileta jibu la tishu zilizokufa na uvimbe wa kawaida tu.

Familia ilifurahi. Daktari hakufurahi, na alifanya vizuri kueleza sababu yake siku ileile. Baada ya mionzi, saratani inayorudi haikui kila mara kama donge moja linaloonekana juu ya utando. Mara nyingi hubaki katika vijisiwa vya seli chini ya utando unaoonekana mzima, na sindano au koleo linaweza kupita kando yake. Upande wa pili, kukata kwa kina katika gegedu dhaifu kunaweza kuzidisha kufa kwa gegedu hiyo. Kwa hiyo kurudia kipimo si jambo dogo, na kutokukirudia pia si jambo dogo. Kilirudiwa baada ya wiki 4, chini ya dawa ya usingizi, kwa kina zaidi, na kikapatikana kile ambacho mgonjwa alisema alikijua. Picha za kifua hazikuonyesha kuenea.

Wiki hizo 4 ndizo, kwa maoni yangu, zilizomchosha kuliko habari yenyewe. Mgonjwa hawezi kujiandaa kwa jambo ambalo bado halina jina, na watu wanaomzunguka humlazimisha afurahie jibu ambalo yeye haliamini. Msaada mwema wakati huo ni kumwambia kwa tarehe: kipimo ni siku fulani, majibu hutoka baada ya siku kadhaa, nitakupigia mimi mwenyewe, na nitakupigia hata kama majibu hayajatoka.

Habari ilivyotolewa

Kabla ya mgonjwa kuingia, binti yake alimfuata daktari kwenye ukumbi na kumwomba asitumie neno "imerudi", aseme tu kwamba koo limevimba na litahitaji upasuaji. "Baba atakata tamaa," alisema. Ombi hilo hutoka kwenye upendo na halipaswi kujibiwa kwa ukali. Daktari alimwuliza binti ni nini hasa anachokiogopa, akamsikiliza, kisha akamwahidi kwamba hatamlazimisha baba yake kusikia asichotaka, lakini hatamdanganya akiuliza. Ndani, alimwuliza mgonjwa: "Mwalimu, ungependa nikueleze yote leo, au nianze na tutakachofanya?" Akajibu kwamba anataka yote, na anataka mkewe na binti yake wabaki wasikie naye. Mtu anayetakiwa kukubali kuondolewa zoloto bila kujua sababu yake anaombwa kutoa kitu kikubwa gizani, na siku atakapogundua atakuwa amepoteza pia imani kwa watu wa nyumbani kwake, ambao atawahitaji kuliko wakati wowote.

Maneno yake ya kwanza baada ya kimya yalikuwa: "Bora ningekatwa mwanzoni." Majuto ya namna hii huwapata wengi waliochagua tiba ya kuhifadhi kiungo, na hayatulizwi kwa kuambiwa asifikirie yaliyopita. Yanahitaji jibu la hoja. Uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa, na siku ile njia aliyoichagua ilimpa nafasi nzuri sana ya kubaki na sauti; alikuwa miongoni mwa wachache ambao haikuwafaa. Alipewa pia hesabu ya pili. Katika utafiti ule wa mwaka 2003, wagonjwa waliolazimika baadaye kuondolewa zoloto baada ya tiba ya mionzi kushindwa, takriban 7 kati ya 10 walikuwa hai miezi 24 baada ya upasuaji. Njia ya kwanza haikuwa imefunga ya pili.

Lilikuja pia suala la sigara. Aliacha siku alipogunduliwa ugonjwa mara ya kwanza na hakurudia, lakini ndugu mmoja aliyepata habari aliuliza, mbele yake, kama alikuwa akivuta kwa siri. Ni kweli kwamba kuendelea kuvuta wakati wa tiba na baada yake hudhoofisha matokeo, na anayevuta asaidiwe kuacha hata sasa. Lakini saratani hurudi pia kwa walioacha, na kwa wasiowahi kuvuta. Kumtafutia mgonjwa kosa ni namna ya watu wasio wagonjwa kujihakikishia kwamba wao hawatapatwa, na gharama yake hulipwa na mgonjwa.

Wiki mbili za kuamua

Jopo la wataalamu lilipendekeza kuondoa zoloto lote pamoja na matezi ya limfu ya shingo, na kuleta msuli wenye damu nzuri kutoka kifuani ili kukinga mshono, kwa sababu tishu zilizopigwa mionzi hupona kwa shida. Mionzi ya mara ya pili ilizungumzwa kwa kifupi: inawezekana kwa baadhi ya wagonjwa, lakini hatari zake kwa gegedu, taya na mishipa mikubwa ya damu ya shingoni ni kubwa, na pale upasuaji unapowezekana huwa si chaguo la kwanza. Dawa peke yake zingeweza kuuzuia ugonjwa kwa muda, bila matarajio makubwa ya kuuondoa. Na ilikuwepo njia ya kutokufanya upasuaji kabisa na kupokea tiba shufaa, ambayo ni tiba kamili ya maumivu, kupumua, kumeza na utulivu wa mtu.

Mwalimu alikataa upasuaji siku hiyo. Hakukataliwa kukataa kwake. Alipewa wiki 2, muda ambao jopo liliona hautaleta hatari kubwa, na katika muda huo mambo matatu yalifanyika, ambayo kwangu ndiyo kiini cha kisa hiki.

La kwanza lilikuwa kipimo cha damu. Alikuwa amechoka mno, analala mchana, hataki watu, na kila mmoja aliona ni huzuni ya habari. Muuguzi alikumbusha kwamba mionzi ya shingoni mara nyingi huiathiri tezi ya thairoidi, na kwamba kipimo chake kinachotakiwa kila miezi 6 hadi 12 kilikuwa kimepita muda. Tezi hiyo ilikuwa imelala kweli, haifanyi kazi vya kutosha, akaanzishiwa vidonge. Huzuni haikuondoka yote, wala haikutarajiwa kuondoka, lakini sehemu yake ilikuwa na dawa ya bei ndogo, na tezi isipotengenezwa hata kidonda cha upasuaji hupona polepole. Katika siku hizohizo alizungumza na mshauri wa afya ya akili, ambaye alimwuliza bila kuzunguka kama amewahi kufikiria kujiua. Alisema ndiyo, usiku mmoja. Wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo wana hatari kubwa ya kujiua kuliko wagonjwa wa saratani nyingi nyingine, na kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitoa. Tangu siku hiyo alikuwa na namba ya mtu wa kumpigia usiku, na mkewe alijua.

La pili lilikuwa kukutana na mtu aliyeondolewa zoloto miaka kadhaa nyuma. Hakuja kumshawishi. Alikaa, akafunua kitambaa cha shingoni, akamwonyesha tundu la kupumulia na chujio dogo linalowekwa juu yake ili hewa iingie ikiwa na unyevu, kisha akaziba tundu kwa kidole gumba na kuzungumza. Sauti ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, lakini ilieleweka kila neno. Inatoka kwa vali ndogo iliyowekwa kati ya njia ya hewa na umio, inayopitisha pumzi hadi kooni ambapo kuta za koo lenyewe hutikisika. Njia hii imekuwepo tangu mwisho wa miaka ya 1970. Alimweleza pia yasiyopendeza: harufu hupungua sana kwa sababu hewa haipiti tena puani, kuogelea hakuna tena, kuoga kunataka uangalifu, vali huvuja na kubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa, makohozi ya wiki za mwanzo ni mengi. Mwalimu alimwuliza swali moja ambalo hakuwa amemwuliza daktari yeyote: "Wajukuu wako wanakuogopa?" Yule bwana akajibu kwamba waliogopa wiki ya kwanza, kisha wakaanza kugombania kumshikia kioo wakati wa kusafisha.

La tatu lilikuwa kurekodi. Mtaalamu wa tiba ya usemi alimshauri kutunza sauti yake kabla ya upasuaji: majina ya watu wa nyumbani, salamu, vicheko, somo moja alilokuwa akipenda kulifundisha. Alirekodi pia, kwa hiari yake, maagizo yake kuhusu tiba endapo mambo yangeharibika, akamtaja mkewe kuwa ndiye msemaji wake. Siku ya kumi na mbili alipiga simu na kusema anakubali. Hakusema amepata nguvu. Alisema sasa anajua siku zake zitakavyokuwa.

Baada ya upasuaji

Kingo za nyama iliyotolewa hazikuwa na saratani. Tezi moja ya limfu ya shingo ilikuwa nayo. Wiki ya pili mshono wa ndani uliachia na mate yakaanza kuvuja shingoni, tatizo ambalo katika utafiti uleule liliwapata 30 kati ya kila 100 waliokuwa wametibiwa kwa mionzi na sisplatini kwa pamoja. Kwa kuwa alikuwa ameelezwa mapema, hakuliona kama ishara kwamba saratani imerudi tena, na hilo peke yake lilimwokoa na mateso mengi. Alilishwa kwa mrija kwa wiki kadhaa hadi tundu likajifunga bila upasuaji mwingine. Kifaa cha umeme cha kuweka shingoni ili kutoa sauti hakikumsaidia mwanzoni kwa sababu ngozi yake ilikuwa imekakamaa na haipitishi mtetemo vizuri. Alipopewa kijimrija cha kupeleka mtetemo kinywani, alieleweka.

Kipindi kigumu zaidi kihisia hakikuwa hospitalini. Kilikuja mwezi wa pili nyumbani, wakati wageni walipopungua na watu waliokuwapo walianza kuzungumza na mkewe kumhusu yeye, huku ameketi pale pale. Kuna mambo madogo yanayorekebisha hali hii, na familia ilifundishwa: mtu asimalizie sentensi yake, televisheni izimwe anapoongea, aulizwe yeye mwenyewe, na asubiriwe. Walifundishwa pia jambo la hatari zaidi, kwamba akizimia, apewe hewa kupitia tundu la shingoni na si mdomoni, na karatasi yenye maelezo hayo iwe kwenye mfuko wake kila anapotoka.

Alirudi shuleni baada ya miezi 7, si darasani bali kusahihisha na kuwaongoza walimu vijana, kwa saa chache, akiwa na vali.

Hofu haijaondoka. Wiki moja kabla ya kila kipimo halali vizuri, na yeye na mkewe wamekubaliana kwamba katika wiki hiyo hawapangi shughuli kubwa na hawafichani. Safari hii ana orodha ya dalili iliyoandikwa, na ameshaitumia mara moja kwa uvimbe uliokuwa kovu tu. Kwa kuwa tezi moja ya limfu ilikuwa na saratani, daktari hakuacha swali la mara ya tatu lining'inie. Alimweleza kwamba ikirudi mahali pasipowezekana kufanyiwa upasuaji, zipo dawa zinazoamsha kinga ya mwili: nivolumabu, ambayo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 iliwafikisha mwaka 1 wagonjwa 36 kati ya 100 ikilinganishwa na takriban 17 waliopata dawa za kawaida, na pembrolizumabu, ambayo tangu utafiti wa mwaka 2019 hutolewa mapema zaidi, hasa uvimbe unapokuwa na protini ya PD-L1 kwa wingi. Alimweleza pia kwamba timu ya tiba shufaa ingeanza kumwona sambamba na dawa hizo. Mwalimu aliandika kwenye daftari lake kwamba angejaribu dawa mradi bado anaweza kusoma na kukaa na watu, na zikimzuia hayo, zisimamishwe. Nakala moja iko kwenye faili lake hospitalini, nyingine anayo mkewe.